Saa ya Uswisi au zahabu ya Kamituga: feza iwekwe wapi Bukavu?

Tangu mabenki za Bukavu zilifunga milango katikati ya mwezi wa pili 2025, wakati AFC/M23 iliingia mujini, swali moja limebaki katika manyumba mengi: feza kidogo ambayo mutu anayo, aiweke wapi? Kuna wanaolala nayo chini ya godoro. Wengine wanaipitisha kwa simu, lakini siku ya kuitoa wanakatwa komisyo kubwa juu noti zimekuwa haba. Na noti ya dola ikipasuka kidogo tu pembeni, wenye maduka wanaikataa.

Katika hali kama hiyo, kila mwenye kuahidi kwamba feza itazaa anapata watu wa kumusikiliza. Moja ya ahadi zinazozunguka kwenye simu ni saa za mukono za Uswisi: Rolex, Patek Philippe, Audemars Piguet. Wanasema: nunua moja, iweke, kesho utaiuzisha mara mbili. Je, ni kweli? Na hata kama ni kweli kule Geneva ao Dubai, ni kweli pia hapa Kadutu na Nyawera?

Ukweli ulioko ndani

Tuseme wazi, haiko uongo mutupu. Mwezi wa kumi 2017, saa ya Rolex iliyokuwa ya Paul Newman, mucheza sinema wa Marekani, iliuzishwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Na kati ya 2020 na mwanzo wa 2022, wakati wa Covid, bei ya saa zilizokwisha kuvaliwa ilipanda sana, mupaka saa fulani zikawa zinauzishwa mara mbili ya bei ya dukani.

Lakini wanaoonyesha video hizo hawamalizi habari. Kuanzia 2022 bei hizo zilianguka. Mwenye alinunua wakati wa moto alibaki na saa nzuri mukononi na hasara mufukoni. Tena, saa zinazopanda bei ni chache sana kati ya zote zinazotengenezwa. Saa nyingi za Uswisi, hata za bei kali, zinapoteza sehemu ya bei siku ile ile unatoka nazo dukani, sawa vile motokari mupya.

Bei iko ndani ya nini?

Hapa ndipo sisi watu wa Kivu tunaweza kuelewa vizuri kuliko wengine, juu zahabu tunaijua. Saa ya zahabu ya Uswisi kawaida ni ya karati 18, maana yake sehemu 750 juu ya 1.000 ni zahabu safi. Chukua mfano wa saa yenye gramu 100 za zahabu hiyo: ndani yake kuna gramu 75 za zahabu safi. Ukiipeleka kwa munegosia wa zahabu, atakulipa hizo gramu 75 tu. Bei ingine yote uliyolipa ilikuwa ya jina, ya kazi ya fundi na ya sifa. Na saa nyingi zinazosifiwa hazina hata gramu moja ya zahabu, ni chuma.

Zahabu yenyewe inatoka kwetu: Kamituga, Misisi, Mukungwe, Shabunda. Ripoti nyingi za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeonyesha namna sehemu kubwa inavuka mipaka bila kuandikishwa, kupitia inchi jirani, mupaka Dubai. Uswisi nayo ni moja ya inchi zinazosafisha zahabu nyingi zaidi duniani. Mwaka 2013 shirika moja la Geneva lilishitaki kiwanda kimoja cha kule juu ya zahabu ya Ituri iliyotoka katika mikono ya wenye silaha miaka ya 2004 na 2005. Kiwanda kilikana, na mwaka 2015 waendesha mashitaka walifunga kesi. Hata hivyo, njia yenyewe ilijulikana: kinachotoka kwetu kwa bei ya muchimbaji kinauzishwa mbali kwa bei ya jina. Mutu wa Bukavu akinunua saa ile, analipa hilo jina.

Tofauti kubwa iko hapa. Zahabu inapimwa kwa mizani, na bei yake inajulikana kila asubuhi. Mwezi wa kumi 2025 onsi moja ilipita dola 4.000, ni kusema karibu dola 129 kwa gramu. Saa haina mizani. Bei yake ni ile ambayo mununuzi atakubali.

Nani atainunua hapa?

Katika muji wetu hakuna duka la kampuni hizo. Hakuna fundi aliyetumwa nazo anayeweza kufungua saa na kusema: hii ni ya kweli. Saa nyingi zenye jina la Rolex zinazotembezwa sokoni ni za kuiga, na siku hizi kuna za kuiga ambazo hata mutu muzoefu hazitambui mupaka aone mashini ya ndani. Mwenye saa ya kweli pia anahitaji kushika karatasi zake za kununulia, na baada ya miaka anapashwa kuipeleka kwa fundi, kazi inayogharimu mamia ya dola, mbali na hapa.

Kuna wanaotoa sababu ingine, na ina uzito: saa ni ndogo. Watu waliokimbia kuelekea Kamanyola na Burundi mwaka 2025 waliacha nyumba, ngombe na mali ya duka. Saa ingeingia mufukoni. Ni kweli. Lakini mutu aliyekimbia, akifika ngambo na saa ya maelfu ya dola bila karatasi, ataonekana mwizi. Na mununuzi anayejua kwamba watoto wako na njaa ndiye atakata bei. Mali ya kukimbia nayo lazima iwe ile ambayo mutu yeyote anaijua na anaweza kuinunua kwa vipande.

Wazazi wetu waliisha kuonja haya. Tarehe 25 mwezi wa 12, 1979, serikali ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10, na wenye walikuwa wamezificha nyumbani walipoteza. Mwaka 1993 ikaja zaire mupya: moja kwa milioni 3 za zamani. Toka hapo watu walijifunza kugawanya: parseli kidogo, mifugo kidogo, dola kidogo, na likelemba.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo salama kabisa. Parseli moja inaweza kuuzishwa kwa watu wawili. Ngombe zinaibwa. Zahabu nayo inashuka: kati ya 2011 na 2015 onsi ilitoka karibu dola 1.900 mupaka karibu 1.050. Tena, kwa kufanya biashara ya zahabu isiyosafishwa, sheria inataka karte ya munegosia. Lakini hizo zote zina mununuzi hapa, na katika MUSO yenye sanduku la funguo tatu, watu wenyewe wanahesabu feza mbele ya wote.

Kwa hiyo, mbele ya kumupa mutu feza juu ya saa, muulize maneno manne: Nani ataichunguza? Nani ataikomboa kwangu hapa Bukavu, na kwa bei gani? Karatasi ziko wapi? Na wewe, kama faida ni kubwa hivi, mbona hauishike mwenyewe?

Anayependa saa na mwenye uwezo aivae, ni haki yake. Lakini mama wa Kadutu mwenye dola 300 za masomo ya watoto hatafuti saa. Anatafuta mahali pa kuweka feza jioni na kuikuta yote asubuhi. Mupaka mabenki yafungue na yaaminiwe tena, kazi hiyo itabaki kwa sanduku la jirani.