Kuhesabu Samaki Nako ni Elimu

Wenzangu wa darasa la mwisho hunicheka nisemapo kwamba, nikijaliwa kufika chuo kikuu, nataka shahada ya pili katika elimu ya viumbe na jinsi wanavyoishi pamoja. "Usome miaka yote hiyo uje kuhesabu samaki?" Naam!

Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 ili apatikane samaki mkubwa. Geoffrey Fryer, mtaalamu aliyefanya kazi Jinja, aliandika onyo mwaka 1960. Hakusikilizwa. Miaka ya 1980 sangara akazidi mno, na aina nyingi za nkejje zikatoweka. Sikatai, sangara ameleta fedha. Lakini minofu yake huenda Ulaya, na nkejje mkavu ndiye aliyekuwa kitoweo cha mtoto mdogo.

Onyo kama lile lataka wenyeji wa kulisoma na kulipigania. Tena elimu hii ni hesabu hasa: Volterra wa Italia, aliyetoa kanuni ya mlaji na mliwaji mwaka 1926, alikuwa mwanahesabu aliyeulizwa habari za samaki wa bahari ya Adriatiki. Nami niliyekuwa nikiikimbia hesabu, sasa nakaa dawati la mbele.

Enyi wanafunzi wa zamani mliopitia Makerere, tuandikieni: ni masomo gani yatakiwayo, na ada hulipwa na nani?