Muhuri Umegongwa, Kiapo Hakuna

Hati ya kiapo ina masharti yake. Unafika mbele ya kamishna wa viapo, anakuuliza kama yaliyoandikwa ni ya kweli, unaapa, ndipo anatia sahihi. Sura ya 15 ya Sheria za Kenya inamtaka aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo hicho, na asiyejua kusoma lazima asomewe mpaka aelewe.

Sasa panda ngazi za majengo yaliyo karibu na mahakama, iwe Nyeri, Karatina au Nanyuki. Wapo mawakili waungwana wanaokukalisha na kukusomea, siwasemi hao. Ninaowasema ni wale wanaomwachia kijana muhuri kando ya mashine ya fotokopi. Rundo la karatasi limeshagongwa tangu asubuhi, sahihi ya wakili ipo, nafasi ya tarehe iko wazi. "Weka sahihi hapa, mama." Mama analipa na kuondoka, bila kumwona wakili wala kuulizwa lolote. Kesho karatasi ile ikiwa na uongo, atakayeshtakiwa kwa kuapa uongo ni yeye, ambaye hata hakuapa!

Lakini kijana wa muhuri ni mdogo katika wizi huu. Wakubwa ni wale wa kaunta za serikali wanaomtuma mama huko. Chukua suala la majina kwenye mashamba. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliunganisha vishamba vya Nyeri na kuvisajili wakati wa Hali ya Hatari, huku wanaume wengi wakiwa kizuizini. Rejista ikabeba jina moja, kitambulisho kikaja na jingine, la ubatizo likiwa mbele. Leo mjukuu akifuatilia urithi anaambiwa alete kiapo kwamba Mwangi wa hati ya shamba na Joseph Mwangi wa kitambulisho ni mtu mmoja. Barua ya chifu anayo, na majirani waliomzika mzee wapo. Rejista ni ya serikali, kitambulisho ni cha serikali, ila zikigombana, anayetoa pesa mfukoni ni mwananchi aliyetoka Othaya kwa matatu.

Ibara ya 48 ya Katiba inasema ada yoyote ya kutafuta haki iwe ya kadiri na isimzuie mtu kuipata. Nani aliyekadiria bei ya muhuri pale ngazini? Huko Quebec, Kanada, karani wa manispaa ana mamlaka ya kumwapisha mtu. Kwetu ofisi ya manispaa inakuuzia leseni na kukutoza ada ya kuegesha gari, ila ukitaka kuapishwa unaonyeshwa ng'ambo ya barabara.

Tamko la kisheria, ambalo nalo huthibitisha maelezo ya mtu, linaweza kupokelewa hata na hakimu, jambo ambalo kaunta hazimwambii mtu. Na Jaji Mkuu huteua makamishna kutoka miongoni mwa mawakili wenye leseni. Basi kaunti iombe wake, imkalishe katika ofisi ya manispaa siku za soko, bila malipo, mlango wazi, muhuri ukiwa mkononi mwake mwenyewe. Na Chama cha Mawakili kiwafuate wanaosaini karatasi tupu, kwa sababu rundo lile liko mezani, halijafichwa.