Duka Moja, Madaftari Mawili ya Deni: Acheni Kuweka -static Kila Mahali

Wasee, kuna kitu kilinitoa jasho mbele ya watu. Wacha niseme maoni yangu bila kuzunguka.

Nilikuwa na programu ya kuchanganua data ya mvua. Sura yake niliandika kwa C++, hesabu nikafanya kwa Fortran, na hizo hesabu nikazigawanya kwa DLL mbili: moja inafungua faili ya matokeo, nyingine inaandika. Kwa laptopu yangu, fiti kabisa. Kuipeleka kwa laptopu ya beshte, Windows ikasema libgfortran-5.dll haipatikani.

Ukiuliza watu, jibu ni lile lile: "Weka -static, maisha yaendelee." Nikaweka kila mahali. Kweli, programu ikafunguka. Lakini siku ya kuonyesha kazi, grafu ikatoka tupu. Faili ya matokeo, tupu pia. Hakuna kosa, hakuna onyo. Kwenye folda kulikuwa na faili nisiyoijua, fort.10, na manze, namba zangu zote zilikuwa humo.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Kila lugha ina maktaba yake ya ranitaimu, yaani ule msimbo wa chini chini unaoomba memori, unaofungua faili na kuandika kwenye skrini. Ukiilinka kistatiki, nakala yake inaingia ndani ya faili unayotengeneza. Ukiilinka kidainamiki, inabaki faili moja kando na wote wanaitumia.

Sasa DLL zangu zilikuwa zimebeba kila moja nakala yake. Ni kama duka lenye madaftari mawili ya deni: baba ana lake, kijana ana lake. Unalipa kwa baba, kesho kijana anakudai. Faili namba 10 ilifunguliwa kwa daftari la kwanza, la pili halina habari. Na gfortran ikiambiwa iandike kwa namba ambayo haijafunguliwa, inajitengenezea fort.10 kimyakimya.

Si Fortran pekee. Mwongozo wa GCC wenyewe unashauri kwamba kama eksepsheni ya C++ itarushwa kwa maktaba moja na kudakwa kwa nyingine, utumie libgcc ya dainamiki. Kwa Visual C++, ukichanganya /MT na /MD ndani ya faili moja, kwa kawaida linka inakukatalia na LNK2038. Hapo una bahati, angalau umeambiwa. Kati ya DLL mbili, hakuna wa kukuambia.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama programu yako ya lugha mbili inatoka ikiwa exe moja tu, -static ni sawa, hata mimi naitumia. Nakala ni moja, daftari ni moja, unaiweka kwa fleshi na kwenda. Lakini ukishagawanya kazi kwa DLL kadhaa, na zinapeana faili, memori au eksepsheni, tumia ranitaimu ya dainamiki kwa zote, kisha ibebe wewe mwenyewe. Weka libgfortran-5.dll na zile inazozitegemea kwenye folda moja na exe. Windows itazipata hapo.

Najua mtasema folda inajaa faili za ajabu na mtu atafuta moja akidhani ni takataka. Ni kweli, inaudhi. Lakini DLL ikikosekana, programu inakataa kufunguka na kukutajia jina la kinachokosekana. Hilo kosa linarekebishika kwa dakika tano. Matokeo yaliyopotea kimyakimya yanaweza kukukuta umeshasimama mbele ya watu. Na hata wakubwa hubeba: vifurushi vya SciPy vya Linux vimekuwa vikija na libgfortran yao kwenye folda ya scipy.libs.

Shida yetu ni kwamba tunachagua statiki au dainamiki ili ujumbe wa kosa upotee tu. Swali la kuuliza kwanza ni moja: programu ikianza, kutakuwa na nakala ngapi za ranitaimu ndani yake? Kama ni zaidi ya moja, na zinashikana mikono, rudi nyuma.

Halafu ijaribu kwa mashine ya mtu ambaye hajawahi kuweka kompaila, na usiishie kuona dirisha limefunguka. Fungua faili ya matokeo, usome namba.