Mpira wa Kulishia Usingoje Dar es Salaam

Saratani ya umio, yaani ya njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea katika ukanda wa Afrika uanzao Ethiopia hadi Malawi, na Tanzania imo ndani yake. Mgonjwa kwanza hushindwa na ugali, kisha uji, mwisho maji. Wengi huletwa hospitali katika hatua hiyo ya mwisho, wamebaki mifupa. Kabla ya kuulizana habari za kuung'oa ugonjwa, hatuna budi kuulizana mtu huyu atakula nini leo.

Tuichukue Madaba, mkoani Ruvuma, kando ya barabara itokayo Njombe kwenda Songea. Kutoka hapo hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni mamia ya kilomita. Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kuwa hayo ni ya bara peke yake. Mpemba mwenye maradhi hayo huvuka bahari hadi Unguja, na akipewa barua ya Dar es Salaam huvuka tena. Wizara za Afya ni mbili. Njaa ni ile ile.

Mpira wa puani ni rahisi, na hufaa kwa majuma machache endapo umio umebakiza upenyo. Umio ukiziba kabisa mpira haupiti, na kuusukuma kwa nguvu ni kutafuta kuutoboa.

Mwaka 1980 Gauderer na Ponsky, madaktari wa Marekani, walitangaza njia ya kuweka mpira tumboni kwa msaada wa kamera ipitishwayo kinywani, bila kupasua. Njia hiyo imesifiwa, na yastahili sifa. Lakini kamera hupita katika umio ule ule uliozibwa! Tena mpira ukiburutwa kupita kwenye uvimbe waweza kubeba chembe za saratani hadi kwenye ngozi ya tumbo. Hospitali kubwa huweza kuutia mpira kupitia ngozi kwa kuongozwa na eksirei, lakini hilo lataka mitambo na mabingwa.

Imebaki njia ya zamani, aliyoieleza Stamm mwaka 1894. Daktari hupasua kidogo sehemu ya juu ya tumbo, hutoboa mfuko wa chakula, huingiza mpira, hushona kuuzunguka kama mtu akazaye kamba ya mdomo wa mfuko, kisha huushikiza mfuko huo kwenye ukuta wa tumbo. Yawezekana kwa ganzi, bila nusukaputi, na mpira wa mkojo wenye puto hutosha. Madaktari wasaidizi wa nchi hii wamewapasua wazazi katika hospitali za wilaya kwa miongo mingi. Mikono hiyo yaweza kufundishwa na kazi hii.

Hatusemi kila mgonjwa atobolewe. Aliyedhoofika sana aweza kufa kwa upasuaji mdogo, na yule ambaye saratani yake yaweza kuondolewa huhitaji mfuko wake wa chakula utunzwe, kwani ndio utakaogeuzwa umio mpya. Bingwa apigiwe simu kwanza. Wala tundu la tumboni halimrudishii mtu raha ya kumeza: mate huendelea kumtoka. Kwa mwenye saratani isiyotibika, kibomba cha waya kiitwacho stenti ni bora, maana humwezesha kumeza. Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, imeonyesha kwamba chaweza kuwekwa kwa kamera bila eksirei. Hospitali zetu za kanda zapaswa kuwa navyo.

Wako pia watoto waliokunywa dawa kali ya kutengenezea sabuni, umio ukaungua na kusinyaa. Hao hawana saratani, na wakilishwa vema huku umio ukipanuliwa, wana miaka mingi mbele yao.

Kwa wenye mpira nyumbani, wauguzi wawafundishe jamaa: uji mwepesi uliochujwa, maziwa, mgonjwa akalishwe ameinua kiwiliwili, mpira usafishwe kwa maji yaliyochemshwa kila baada ya mlo. Aliyekaa na njaa siku nyingi aanzishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Mpira ukichomoka katika mwezi wa kwanza, asiurudishe mtu nyumbani. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo kabla tundu halijaziba.

Twawaomba wakubwa wa Wizara zote mbili waagize kwamba mgonjwa asiyeweza kumeza asipandishwe basi wala boti kabla hajatiwa maji mwilini na kabla haijaamuliwa, kwa maandishi, atalishwa kwa njia gani.