Sindika Ikabidhiwe Kama Zamu

Alfajiri, katika wodi za Lubumbashi, muuguzi wa usiku haondoki kwa kuaga tu. Anafungua daftari la zamu na kupita kitanda hadi kitanda pamoja na mwenzake anayeingia. Mama wa kitanda cha tatu homa ilimpanda saa nane usiku. Dripu ya mtoto imebadilishwa mara mbili. Dawa ya mzee wa pembeni haijaletwa, familia bado inatafuta pesa. Kila jambo lina saa yake na jina la aliyelifanya. Muuguzi asiyeandika ana kosa, hata kama alikesha akihudumia.

Nidhamu hiyo huishia mlangoni mwa wodi. Wauguzi haohao wanapokutana kuzungumzia malipo yao, ni nadra mtu kushika kalamu. Delege mpya wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi, hurithi cheo bila faili. Haambiwi ni barua gani ilikwisha pelekwa, nani aliipokea, wala nini kiliahidiwa. Wenzake walimchagua kwa ujasiri na sauti yake, lakini hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Wauguzi wa mkoa huu wa Haut-Katanga wana pengo hapo, na kuliziba ni sehemu ya kuwatunza wagonjwa.

Somo la kwanza liwe malipo yenyewe. Kipato cha muuguzi wa serikali nchini Kongo hutoka katika vyungu vitatu. Kuna mshahara kutoka Kinshasa, kuna prime ya risque, yaani posho ya hatari, ambayo pia hutoka Kinshasa, na kuna prime ya mahali pa kazi inayotokana na ada wanazolipa wagonjwa. Wapo wanaopata vyote vitatu. Wapo waliofanya kazi miaka mingi bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara, wakiishi kwa kile cha mwisho peke yake. Delege asiyevitofautisha vyungu hivi atamgombeza mkurugenzi wa hospitali kwa deni la wizara, au ataiandikia wizara kuhusu fedha zilizogawanywa vibaya palepale hospitalini.

Somo la pili ni sheria. Katiba ya mwaka 2006 inatambua uhuru wa vyama vya wafanyakazi katika ibara ya 38, na haki ya kugoma katika ibara ya 39. Ibara hiyohiyo ya 39 inaruhusu sheria kuwekea mipaka mgomo kwenye huduma zenye umuhimu mkubwa kwa taifa. Anayejua nusu ya kwanza tu huwaingiza wenzake matatani. Aliyesoma yote hupanga mapema nani atabaki chumba cha kujifungulia na nani atabaki na watoto mahututi, akaiweka orodha hiyo mezani kabla ya siku ya mgomo.

Mji wa Lubumbashi unajua bei ya kudai haki bila ulinzi wa sheria. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati mji ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyejua kusoma na kuandika. Askari walifyatua risasi uwanjani walikokusanyika. Mpoyi akauawa pamoja na makumi ya wenzake. Vyama vya wafanyakazi Waafrika viliruhusiwa mwaka 1946, tena chini ya macho ya serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru, Rais Mobutu aliviunganisha vyote mwaka 1967 kuwa chama kimoja kilichotembea na chama tawala. Mlango ulifunguliwa mwaka 1990, na vyama vikachipuka kwa wingi. Lakini kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, kizazi kizima hakikupata nafasi ya kujifunza kuketi mezani kama upande huru wenye hoja zake.

Majirani waliona mapema kwamba uongozi wa wafanyakazi husomewa. Tom Mboya alianza kama mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi. Alikuwa tayari anaongoza wafanyakazi alipokwenda Ruskin College, Oxford, kusoma mwaka 1955, kisha akarudi kuendeleza kazi. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru lilifungua chuo cha wafanyakazi Kampala, viongozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakajifunza kujadiliana na kuendesha chama.

Ugumu wa kazi hiyo ya kujadiliana ulionekana Kenya mwaka 2017. Wauguzi waligoma kuanzia tarehe 5 Juni hadi tarehe 2 Novemba, miezi mitano. Viongozi wao walikabiliana kwa wakati mmoja na magavana wa kaunti, tume ya mishahara na mahakama, na kila upande ulikuwa na lugha na hesabu zake. Walipata makubaliano ya posho, lakini miezi mitano ni mirefu mno kwa mgonjwa asiye na pesa ya hospitali ya binafsi. Kiongozi aliyefunzwa vizuri huijua njia ya kufika mezani kabla wodi hazijafungwa. Kwa hiyo hofu ya baadhi ya wakubwa kwamba kuwafundisha madelege ni kuchochea migomo haina msingi. Mgomo wa ghafla, usio na orodha ya zamu wala barua ya madai, ndio unaoua.

Kazi inaweza kuanzia hapahapa. Chuo cha ISTM cha Lubumbashi kinawafundisha wauguzi wa ngazi ya A1. Kiongeze saa chache za sheria ya kazi na majadiliano, ili mhitimu atoke akijua kusoma karatasi ya malipo. Vyama vitenge sehemu ya michango ya wanachama kwa mafunzo, na kuwaonyesha wanachama hesabu yake. Wakurugenzi wawape madelege siku za kwenda kusoma bila kuwakata mshahara. Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unatambua likizo ya aina hiyo, elimu ya vyama ikiwemo, na Kenya na Tanzania zimeuridhia.

Mafunzo yenyewe yatolewe kwa Kiswahili pia. Sheria na barua za serikali zimeandikwa kwa Kifaransa, lakini mkutano wa wauguzi Lubumbashi huwaka kwa Kiswahili, na katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa. Delege aweze kueleza ibara ya 39 kwa maneno ambayo mhudumu wa usafi naye atayaelewa.

Kisha kila sindika ya hospitali inunue daftari moja, gumu, kama lile la wodi. Liandikwe tarehe, dai, jina la aliyepokea barua na siku aliyoahidi kujibu. Delege anayemaliza muda wake akae na anayeingia, wapitie ukurasa kwa ukurasa, wote wawili watie sahihi.