USAFI NYUMBANI: Mbwa wa manyoya marefu anahitaji mikono yetu



Mwezi huu mama mmoja alitusimamisha kwenye bomba la maji hapa Mantapala akauliza: "Ninyi wa gazeti munaandika juu ya vyoo, juu ya sabuni, juu ya kipindupindu. Na sisi wenye mbwa wa manyoya mengi tufanye nini? Watoto wanalala naye, na ananuka kama samaki wa juzi." Wengine walicheka, lakini swali lake ni zuri. Kabla ya kujibu, tuwaambie kwanza habari ya jirani yetu.

Jirani huyu alipewa mbwa mdogo mweupe na mtu aliyemaliza kazi yake Nchelenge na kurudi Lusaka. Alipofika alikuwa mweupe kama pamba, watoto wakamzunguka kutwa. Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyemchana. Akawa na rangi ya majivu. Jioni moja binti mkubwa wa nyumba akamshika nyuma ya sikio amtoe mchwa. Mbwa akalia kwa sauti kubwa na kumuuma mkononi. Majirani wakatoka na fimbo: "Imbwa iko na kichaa! Muiue sasa!"

Baba wa nyumba alifanya mambo mawili ya akili. Kwanza, kidonda cha binti kikaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na siku ileile wakaenda kliniki, akachomwa sindano. Pili, alikataa mbwa asiuawe, akamfunga kwa kamba mahali ambapo watoto hawafiki, akamwita mtu wa mifugo. Kumbe kadi ya chanjo ilikuwapo. Na nyuma ya sikio, manyoya yalikuwa yamesokotana na kuwa kitu kigumu kama ngozi ya kiatu. Chini yake kulikuwa na kidonda kibichi na kupe wanne. Mbwa alikuwa na maumivu tu. Alichungwa siku 10, akala, akanywa, hakugeuka. Hadi leo yuko.

Basi somo letu ni hili: manyoya marefu yanaficha. Yanaficha kupe, yanaficha kidonda, yanaficha uchafu. Kumchana mbwa wa namna hii si urembo wa matajiri. Ndiyo njia ya kuona yale ambayo macho hayaoni.

Wengi wetu hatukuzoea. Mbwa wetu wa Kongo, yule wa kuwinda, ana manyoya mafupi na anajilamba mwenyewe kama paka. Wazungu walimpeleka Uingereza miaka ya 1930 wakamwita Basenji, jina lililotoka kwenye Lingala, kwa maana ya mbwa wa watu wa porini. Ndugu yake ni lile neno letu "shenzi". Huyo "mshenzi" anajisafisha bila msaada. Lakini mbwa mdogo wa manyoya marefu, kama Maltese, au Shih Tzu aliyefugwa zamani katika majumba ya wafalme wa China, alichaguliwa na watu kizazi hata kizazi ili manyoya yake yaendelee kukua kama nywele za mtu. Ulimi wake hauwezi kazi hiyo. Watu ndio waliomfanya hivyo, kwa hiyo anaihitaji mikono ya watu. Ukimpokea, umepokea na kazi yake.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mikasi, kitana na kitambaa vinatosha.

1. Kata yawe mafupi. Hapa kwetu kiangazi ni vumbi, masika ni matope. Usimwache na manyoya ya kuburuta chini. Kata yabaki urefu wa kama upana wa vidole viwili. Usinyoe hadi ngozi, maana jua litamuunguza. Kata pia yanayofunika macho, yaliyo chini ya mkia, na yale ya katikati ya vidole vya miguu, kwa sababu funza hupenda kukaa hapo.

2. Chana kabla ya maji. Hapa ndipo wengi wanakosea. Manyoya yaliyosokotana yakipata maji yanakaza zaidi. Anza kwenye ncha, ukielekea taratibu kwenye ngozi, na mkono mwingine ushike shina ili asivutwe. Angalia nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya miguu ya nyuma, na chini ya kamba ya shingo. Mbegu za kishona nguo hujificha huko. Fundo likikataa, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, kisha kata juu ya kitana. Hivyo mikasi haigusi ngozi. Siku tano au sita kwa wiki, dakika chache tu, zinatosha. Kazi hii watoto wakubwa wanaiweza, lakini mikasi ibaki kwa mtu mzima.

3. Toa kupe. Mshike karibu kabisa na ngozi, kwa kibanio au kwa vidole vilivyofungwa mfuko wa plastiki, kisha vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome na kijiti cha moto, usimpake mafuta ya taa. Usimpasue kwa kucha. Mtupe motoni, kisha unawe mikono. Na tafadhali sana, dawa ya kupulizia pamba au mboga isipakwe kwenye mbwa. Oili ya gari vilevile. Mbwa anajilamba na kupata sumu, na mtoto anayemkumbatia anaipata sumu hiyohiyo.

4. Muoshe mara moja kwa mwezi, au akijichafua. Tunajua sabuni ni chache na watu wanatangulia. Kile kipande kidogo kinachobaki cha sabuni ya kuogea kinamtosha mbwa mdogo. Sabuni ya unga inachoma ngozi yake, iache kwa nguo. Tumia maji ya vuguvugu, na yasiingie masikioni wala machoni. Suuza hadi maji yatoke meupe, maana sabuni ikibaki inamwasha, atajikuna hadi vidonda. Mkaushe kwa kitenge kizee, ukimchana tena huku akikauka juani.

Mahali pa kumuoshea ni muhimu. Mbwa asioshwe kwenye bomba wala kisimani, na maji machafu yamwagwe mbali na hapo. Mtasema, "Sisi wa karibu na ziwa tunampeleka Mweru, maji ni mengi." Hapana. Mamba yuko, kichocho kiko, na mtoto ndiye atakayeingia na mbwa. Chota maji, muogeshee juu, mbali na ufuko.

Wanaokwenda Kashikishi sokoni na mbwa wao wawe macho. Penye samaki mbwa anapenda kujigaragaza kwenye matumbo ya samaki, ndiyo ile harufu mama aliyolalamika. Vipande vya nyavu vinanasa kwenye manyoya na kukaza mguu hadi damu isipite. Na ndoano ndogo huonekani mpaka ikuchome. Mkirudi nyumbani, mpapase mwili mzima kabla mtoto hajamshika.

Kuhusu kulala na watoto: tunajua kuna mtoto aliyeacha kila kitu ng'ambo, na mbwa ndiye rafiki yake. Hatusemi amfukuze. Lakini mbwa awe na gunia lake pembeni, si kwenye mkeka wa mtoto, kwa ajili ya viroboto. Gunia lianikwe juani kila wiki. Kinyesi chake kizikwe, kwa sababu kina minyoo. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, hata kama mbwa anang'aa.

Na sasa neno kubwa kuliko yote. Kuchana na kuosha hakuzuii kichaa cha mbwa. Kinachozuia ni chanjo, akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ulizeni ofisi ya mifugo huko boma siku ya kuchanja, na kadi itunzwe pamoja na karatasi zenu za familia. Duniani watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Kwa hiyo mbwa akiuma, hata kama ni wako, hata kama ni alama ndogo: osha kwa sabuni dakika 15, nenda kliniki siku ileile, usipake unga wala majani. Kama jirani anasema "ni mbwa wa nyumbani, hana kitu", mwambie asante, na uende tu.

Yule binti wa jirani yetu ana alama ndogo mkononi. Sasa yeye ndiye mchanaji. Kila jioni, sufuria ya bukari ikishuka, anakaa mlangoni na kitana, mbwa amelala magotini, anaanza na lile sikio. Anasema, "Sikumuuliza mapema, ndiyo maana alinijibu kwa meno."

Wengine wenye maswali, tuleteeni kwenye sanduku la gazeti au tukutane kwenye bomba. Mwezi ujao tutaongea juu ya kuku na banda lao.