Samaki wa Mtoni Sio Stika ya Kioo: Staa, Tenki la Kiki na Lochi Waliokufa Kimyakimya

Stori ya mjini wiki hii ni tenki la samaki la staa mmoja wa kike mwenye wafuasi kibao. Tenki lenyewe ni bakuli kubwa la kioo, limekaa juu ya meza ya marumaru sebuleni, na ndani kuna visamaki bapa vyenye mistari, vimeganda kwenye kioo kama stika. Video ya kwanza ilipigwa like balaa. Ya tatu ndiyo iliyomponza. Wadau wenye macho makali walichukua picha za video zote mbili, wakalinganisha, wakaona mistari ya mgongoni haifanani hata kidogo. Maana yake wa mwanzo walishakata moto, wakaletwa wengine kimyakimya, maisha yakaendelea.

Mitandaoni watu wakagawanyika. Timu staa wakaja na lao: "Samaki tu jamani, mbona sangara mnakula kila siku?" Wengine wakamshukia mpaka kwenye mavazi na shepu, vitu ambavyo havihusiani kabisa na samaki. Pande zote mbili zimekosa pointi. Anayekula sangara hajamdanganya mtu kwamba anamfuga. Staa alisema anawapenda, akawaita "watoto wangu". Mtoto hawekwi mahali asipoweza kupumua.

Tuelewane kwanza, huyu ni samaki gani. Wapenzi wa akwariamu wanamwita hilistrimu lochi, na huyu mwenye mistari kwa jina la kitaalamu ni Sewellia lineolata. Kwao ni vijito vya milimani katikati ya Vietnam, maji yanapokimbia juu ya mawe. Mapezi yake ya mbele na ya tumboni yamepanuka yakawa kama sahani, ndiyo anayotumia kung'ang'ania jiwe ili mkondo usimzoe. Chakula chake kikubwa ni ule utando wa mwani na vidudu vidogo unaoota juu ya mawe. Kwa hiyo kumtupia mkate au chakula cha kuelea cha samaki wengine ni kumlaza njaa huku unajiona umelisha.

Sasa weka hesabu ya hewa. Maji ya nyuzi joto 20 yanaweza kubeba oksijeni karibu miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu tu. Lochi anataka nyuzi 20 hadi 24 hivi, na maji yanayotembea muda wote. Bakuli lililotulia katika joto la Dar ni kinyume cha vyote viwili. Samaki aliyeganda juu karibu na uso wa maji huku anahema harakaharaka hajapozi kwa kamera. Anatafuta pumzi.

Na tenki la mtoni halina uchawi. Linatakiwa liwe refu kuliko kwenda juu, kama sentimita 90, lita 100 au zaidi. Upande mmoja zinakaa pampu zinazosukuma maji, upande wa pili mdomo wa kunyonyea uliofunikwa sponji ili samaki wasivutwe. Wajanja wanalaza mabomba ya PVC chini ya changarawe yaunganishe pande hizo mbili, maji yazunguke kuelekea upande mmoja kama mto. Kwa lita 100, pampu zisogeze angalau lita 1,000 kwa saa, na wengi wanapita hapo. Juu yanapangwa mawe laini ya mviringo, mengine yakinge mkondo ili samaki apate pa kupumzikia. Taa iwe kali, mwani uote. Mfuniko ni lazima, maana hawa wanapanda kioo wakiwa na maji kiduchu tu mwilini.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna pesa inayokinunua: kusubiri. Tenki jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wazuri wajijenge na kuyeyusha sumu ya kinyesi, na mawe yapate huo utando. Maji ya bomba nayo yatolewe klorini kwanza. Staa alinunua tenki na samaki siku moja, jioni akaposti. Hapo ndipo walipofia, hata kabla ya joto.

Utasikia watu wanasema, "Hayo mambo ya matajiri." Sio kweli sana. Mabomba na mawe ni bei za kawaida. Gharama yenyewe ni umeme wa saa 24, na hapa mjini umeme una tabia zake. Ukikatika, mkondo unasimama na oksijeni inaanza kushuka. Asiye na pampu ya hewa ya betri, na asiye na feni ya kupoza uso wa maji au chumba chenye kiyoyozi, lochi sio samaki wake. Sio aibu. Gapi wanafugika vizuri tu kwenye joto letu.

Kinachouma zaidi ni kwamba lochi wengi wanaouzwa hawazaliwi dukani, wanavuliwa kwenye vijito vyao. Kila anayekufa na kubadilishwa kimyakimya ni mwingine ametolewa mtoni ili video iendelee. Na kuna watoto wa watu wameshaanza kuulizia bakuli kama la staa.

Wala hatuhitaji kwenda Vietnam kujifunza. Mito yetu wenyewe, Pangani ikiwemo, ina kambale wadogo wa jamii ya Chiloglanis wanaong'ang'ania mawe kwenye maji ya kasi kwa mdomo. Mkondo ndio nyumba yao, kama ilivyo kwa lochi.

Staa bado ana nafasi ya kuwa mfano. Aweke video ya nne: tenki tupu, pampu zinanguruma, mawe yanaota mwani, na aseme wazi kwamba wa kwanza walikufa. Hiyo itapata like chache, ila itaokoa samaki wengi.

Wadau mnasemaje, aombe radhi au aachwe na maisha yake? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.